Fundi, Usifomati Kabla ya Kunakili

Ukipeleka kipakatalishi kilichojaa kwa fundi hapa Kisumu, awe na kibanda Oginga Odinga Street au duka Kondele, mara nyingi jibu ni lile lile: tutaweka diski kubwa na Windows mpya, wewe pitia jioni. Atakuuliza kama kuna kitu muhimu ndani. Utamwambia faili ziko Documents na picha ziko hapo mbele kwenye Desktop. Atazihamishia kwenye diski yake ya nje, atafungua skrubu, atachomoa diski ya zamani na kupachika mpya, na kufikia saa kumi na moja utakabidhiwa mashine safi inayowaka kwa sekunde chache. Utalipa ukiwa na furaha. Jumatatu ndipo utaanza kutafuta vitu usivione.

Nalisema hili bila kuzunguka: diski iliyojaa haina ugonjwa wa kutibiwa kwa kufomati. Imekuwa ndogo tu. Kazi ya fundi hapo ni kuinakili yote jinsi ilivyo hadi kwenye diski kubwa zaidi, kisha amrudishie mwenyewe mashine ile ile aliyoileta, pamoja na programu zake, nywila zake, mipangilio yake, na hata fujo zake, ila sasa ikiwa na nafasi ya kupumua. Mafundi wenyewe huiita kazi hii kukloni. Programu za kuifanya zipo, kadhaa ni za bure, na kebo ya kuunganisha diski ya pili kupitia tundu la USB haizidi sana bei ya sahani ya samaki na ugali. Kinachokosekana ni desturi. Fundi hapendekezi, mteja haulizi, na kazi za watu zinapotea kila wiki.

Tazama ni akina nani wanaopoteza. Mwalimu wa sekondari wa Ahero au Maseno huwa na mitihani ya miaka kadhaa kwenye kipakatalishi chake, maandalio ya masomo, na alama za tathmini zinazosubiri kupakiwa kwenye tovuti ya baraza la mitihani, KNEC. Katibu wa chama ana orodha ya michango na mikopo ya wanachama tangu chama kilipoanza. Vikundi vya usimamizi wa fuo, zile BMU zilizopewa sura ya kisheria na kanuni za 2007, vina rejesta za wanachama na mashua, na mahali pengine kumbukumbu za samaki wanaoteremshwa ufuoni. Kuna vijana wa studio wanaorekodi muziki wa ohangla na nyimbo za injili kwa Dholuo, ambao mradi wao mmoja wa wimbo umeunganishwa na mamia ya vipande vya sauti vilivyotawanyika kwenye folda kumi tofauti.

Halafu kuna wachapishaji wa ratiba za mazishi, na hapa naomba tusimame kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kufiwa huku kwetu anazijua zile siku za katikati ya wiki, jamaa wakiwa wamejaa dukani na picha mkononi, mmoja akisoma wasifu kwa sauti na mwingine akisahihisha majina ya wajukuu, maana mwili utatoka mochari Ijumaa na mazishi ni Jumamosi. Picha zile huskaniwa, huwekwa kwenye ratiba, na nakala hubaki kwenye tarakilishi ya duka. Miaka inapita. Ile ya karatasi inaliwa na mchwa, au inachukuliwa na mafuriko ya Nyando. Mara nyingine picha pekee iliyobaki ya nyanya akiwa msichana iko ndani ya folda isiyo na jina la maana, kwenye diski ya mchapishaji ambayo fundi anakaribia kuifomati kwa sababu imejaa. Hakuna aliyemwambia kwamba ipo. Mchapishaji mwenyewe amekwisha kusahau.

Fundi anaponakili Documents na Desktop pekee, anaacha mengi nyuma. Windows huweka sehemu kubwa ya kazi ya mtu ndani ya folda iitwayo AppData, nayo imefichwa; haionekani mpaka uiamuru ionekane. Humo ndimo kivinjari kinamotunza alamisho na nywila. Humo ndimo Thunderbird inamohifadhi barua pepe zote za mtu. QuickBooks nayo kwa kawaida huweka hesabu za biashara ndani ya folda ya Public, nje kabisa ya jina la mtumiaji, na muuza vifaa vya ujenzi anaweza kurudishiwa mashine safi isiyo na hata mauzo ya jana. Yapo pia yasiyonakilika kwa mkono: leseni ya programu iliyonunuliwa mara moja na namba yake ikapotea, kiendeshi cha printa ya zamani ambacho hakipatikani tena kwenye intaneti, fonti alizokusanya mchoraji wa mabango kwa miaka. Ukinakili diski nzima, hivi vyote vinahama pamoja bila mtu kulazimika kuvikumbuka.

Vipakatalishi vingi tunavyonunua mjini ni mitumba, vile tunavyoita eksi-UK. Vilitumika ofisini Ulaya vikaja kwetu vikiwa na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 320 au 500, au SSD ya gigabaiti 128 ambayo Windows yenyewe inaila nusu. Chuma chake bado kizuri. Kibodi ni imara, kichakataji kinatosha kwa kazi za ofisi na shule. Diski ndiyo inayochoka kwanza, na kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD kubwa ndiyo tiba inayorudisha uhai wa mashine kama hiyo kuliko nyingine yoyote ninayoijua. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wamepata sababu nyingine ya kwenda kwa mafundi, na hofu yangu ni kwamba wengi wataambiwa njia ni kufuta kila kitu. Ikiwa mashine inakubali Windows 11, inaweza kupandishwa ikiwa na kazi zake ndani, na nakala kamili ya diski ikiwa pembeni endapo mambo yataharibika.

Sasa, kazi yenyewe inafanywaje? Nitaieleza kwa kirefu kwa sababu mteja anayeijua hadanganywi.

Kabla ya yote, fundi asome afya ya diski ya zamani. Kila diski ina kumbukumbu yake ya ndani iitwayo SMART, inayohesabu sekta zilizokufa na zile zinazosubiri kuhukumiwa. Programu ndogo ya bure huisoma kwa dakika moja. Kama namba hizo ni sufuri, kazi ni nyepesi. Kama zinapanda, diski ni mgonjwa mahututi na kila dakika ya kuiwasha ni hatari. Hapo usikubali fundi aanze kuikagua na kuirekebisha kwa amri za Windows, kwa kuwa ukaguzi huo unaisukuma diski dhaifu ifanye kazi nzito zaidi. Iko programu iitwayo ddrescue iliyoundwa kwa ajili ya hali hii: huchukua kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, inaziruka zile zinazogoma, kisha inazirudia baadaye kwa subira huku ikiandika ramani ya ilikofika. Inaweza kuchukua usiku mzima au siku mbili. Na kama diski inagonga kwa sauti, ka, ka, ka, izime. Mara nyingi mkono wa kusomea ndani yake umeharibika, na kuendelea kuiwasha ni kuukwaruza uso wenye kazi yako.

Diski ikiwa nzima, Clonezilla inatosha. Ni programu ya bure iliyotengenezwa Taiwan, inayowashwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows iliyo ndani. Haina urembo, ni maandishi meupe na masanduku ya buluu na kijivu. Fundi anaunganisha diski mpya kwa kebo ya USB, anawasha mashine kwa flashi, anachagua kunakili diski kwenda diski. Kisha inafika hatua ambayo ningependa kila mteja asimame nyuma ya bega la fundi: programu inauliza ipi ni chanzo na ipi ni shabaha. Diski zinaonekana kwa majina makavu, sda na sdb, pamoja na ukubwa, na pengine jina la kiwanda na namba ya usajili. Ukizigeuza, diski mpya iliyo tupu itanakiliwa juu ya diski ya zamani iliyo na kila kitu, na programu itatii bila huruma. Ikiwa diski hizi zinatofautiana ukubwa, macho yanasaidia. Zikilingana, usiamini macho. Soma namba ya usajili iliyobandikwa kwenye diski yenyewe na uilinganishe na ile ya kwenye skrini, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kubonyeza herufi y. Clonezilla huuliza zaidi ya mara moja. Fundi mwenye haraka hubonyeza y zote kwa mfululizo.

Muda unategemea kebo. Gigabaiti 500 kupitia USB 3 kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde ni kama saa moja na dakika ishirini. Kupitia tundu la zamani la USB 2, kazi hiyo hiyo inaweza kula saa nne. Mteja aambiwe hivyo mapema badala ya kuahidiwa nusu saa.

Na huku kwetu lazima tuhesabu mvua. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mtu wa Kisumu haambiwi na wanasayansi, anaona mwenyewe mawingu yakijikusanya alasiri na stima ikipotea kabla ya tone la kwanza kugusa bati. Habari njema ni kwamba wakati wa kunakili, diski ya zamani inasomwa tu, haiandikwi. Stima ikikatika katikati, nakala inaharibika lakini chanzo kinabaki salama, na kazi inaanzwa upya. Hata hivyo, kipakatalishi chenye betri iliyokufa, kinachoishi kwa chaja pekee, kisianzishiwe kazi hii saa tisa alasiri wakati wa masika. Kianzishiwe asubuhi, au kiunganishwe na betri ya akiba. Na mvua ya radi ikianza, ondoa chaja ukutani.

Baada ya kunakili huja kosa ambalo nimeliona limewaudhi wateja wengi kuliko jingine lolote. Mtu amenunua diski ya terabaiti moja, anawasha mashine, na C bado inasoma gigabaiti 232 kama zamani. Anadhani ameibiwa. Ukweli ni kwamba diski ya Windows imegawanywa vipande: kipande kidogo cha kuwashia cha megabaiti 100 hivi, kisha C yenyewe, na mara nyingi nyuma ya C kuna kipande cha uokoaji. Ukiinakili kama ilivyo, nafasi mpya yote inakaa mwishoni kabisa, na kile kipande cha uokoaji kinasimama katikati kama ng'ombe aliyelala barabarani. C haiwezi kumruka. Dawa ni kukisogeza kipande hicho hadi mwisho kwa programu kama GParted, ambayo pia ni ya bure, kisha kuitanua C. Ni kazi ya dakika chache. Fundi anayemwambia mteja kwamba diski kubwa haiwezi kusomwa yote kwenye mashine yake bila kufomati, mara nyingi amekwama hapa. Kizuizi cha kweli kipo kwenye mgawanyo wa mtindo wa zamani uitwao MBR, ambao kwa diski za kawaida haufikii mbele ya terabaiti 2.2, na wateja wengi wa mtaani hawafiki huko.

Mambo mengine ni ya haraka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta kwanza namba ya kufungulia, yenye tarakimu 48, kwenye akaunti yako ya Microsoft, na usitishe ulinzi huo kabla ya kunakili. Usiwashe Windows diski zote mbili zikiwa zimeunganishwa, kwa sababu zina utambulisho mmoja na moja itakataliwa. Na diski mpya ipimwe uhalisia wake kabla ya kuaminiwa, kwa programu kama H2testw inayoijaza yote kisha kuisoma; flashi na diski za nje zinazodai terabaiti mbili huku zikibeba gigabaiti 32 bado zinauzwa, nazo hazionyeshi kosa mpaka zijae.

Najua hoja za mafundi, na si za kupuuzwa. Kijana aliyeketi kibandani tangu saa moja asubuhi anasema hivi: kunakili kunanifungia mashine saa tatu, mteja ananilipa sawa na yule niliyemfomatia kwa dakika arobaini, na nikimnakilia virusi vyake atarudi kunilaumu mimi. Yuko sahihi kuhusu malipo. Sisi wateja tumezoea kushindania mia mbili kwa mtu ambaye ameshika mkononi kazi yetu ya miaka saba, na fundi anayelipwa kama mtu wa kuweka Windows ataweka Windows. Tulipe kunakili kama kazi inayojitegemea, kwa bei yake yenyewe.

Kuhusu virusi, yuko sahihi nusu. Kuna mashine ambazo Windows yake imeoza kiasi kwamba kuianza upya ndiyo busara. Lakini hata hapo, nakala kamili ya diski itangulie, iwekwe mahali, ndipo Windows mpya iwekwe kwenye diski mpya. Ikigundulika mwezi ujao kwamba hesabu za chama zilikuwa kwenye folda isiyotarajiwa, zitatolewa kwenye nakala hiyo. Kunakili hakumzuii mtu kuanza upya. Kunamruhusu ajute kwa gharama ndogo.

Limebaki suala la diski ya zamani, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Inakwenda wapi? Mara nyingi inabaki kwa fundi. Anaitupa kwenye droo, na baadaye inauzwa ikiwa ndani ya kipakatalishi cha mtu mwingine. Mwenyewe haulizi kwa kuwa anaamini imefutwa. Kwenye diski ya kuzunguka, kufomati kwa haraka hakufuti. Kunafuta orodha tu, na faili zinabaki hadi nyingine ziandikwe juu yake. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizotumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 pekee ndizo zilikuwa zimesafishwa sawasawa. Kwingineko walikuta barua, kumbukumbu za wagonjwa na maelfu ya namba za kadi za benki. Mwaka 2009 waandishi wa habari walinunua diski nchini Ghana kwa dola 40 na kukuta ndani yake nyaraka za kampuni kubwa ya silaha ya Marekani. Ikiwa kampuni ya silaha inavujishwa na diski ya mtumba, sembuse muuguzi wa zahanati ya Mbita mwenye majina ya wagonjwa wake, au mwalimu mkuu mwenye namba za vitambulisho vya wazazi.

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamwajibisha anayeshika taarifa za watu wengine. Zahanati, shule au chama kinachomwachia fundi diski yake ya zamani kimewaachia wageni siri za watu waliokiamini. Kwa maoni yangu serikali ya Kaunti ya Kisumu ingepaswa kuliweka hili katika masharti ya leseni za biashara ya kukarabati tarakilishi: diski iliyotolewa irudishwe kwa mwenyewe, na arudishiwe kwa sahihi. Kisumu National Polytechnic na vyuo vya ufundi vya kaunti vinavyofundisha matengenezo ya tarakilishi vifundishe kunakili na kuhakiki kabla ya kufundisha kufomati, maana kijana hushika zaidi lile alilofundishwa kwanza.

Wewe msomaji usingoje kaunti. Siku utakapopeleka kipakatalishi chako, mwombe fundi anakili diski nzima, na umwulize atatumia programu gani. Baki hapo mpaka achague chanzo na shabaha. Ukirudishiwa, fungua mbele yake barua pepe zako, hesabu zako na picha zako, na uangalie C inasoma ukubwa gani, kabla ya kutoa hela. Kisha ichukue diski yako ya zamani, iandike tarehe kwa kalamu, ifunge kwenye mfuko mkavu na uiweke kabatini. Usiifute. Tumia diski mpya angalau mwezi mmoja, na kila kitu kikiwa sawa, ndipo uamue la kufanya nayo.